Vitufe vya Mkono wa Kulia na Mke wa Pili wa Marehemu Mulei

Kimeu Chapa na Fotokopi,
Soko la Matinyani,
Kitui.

Kwa Mkuu wa Vitufe,
Kampuni Iliyotengeneza Programu Yangu ya Kuandikia,
Ng'ambo.

Bwana ama Bibi Mkuu,

KUH: KUSTAAFISHWA KWA VITUFE VISIVYO NA HATIA

Pokea salamu kutoka Matinyani, ambako mvua imekataa lakini ndengu zimejikaza. Mimi ni Jonah Kimeu, mwalimu mstaafu wa uchapaji na, hadi Jumapili ijayo, karani wa kanisa letu. Nasema hadi Jumapili ijayo kwa sababu yenu, na ndiyo maana nimeketi kuandika.

Jumanne ya wiki juzi kompyuta yangu ilijisasisha yenyewe bila kubisha hodi. Kikatokea kijisanduku cha Kiingereza kutangaza kwamba njia za zamani za kazi zinaondolewa: Ctrl na Insert ya kunakili, Shift na Delete ya kukata, Shift na Insert ya kubandika. Nilibonyeza Sawa, kama afanyavyo mtu mwenye wateja watatu mlangoni. Yaliyofuata ni haya:

1. Mmenipokonya mkono wa kushoto. Vitufe hivyo vyote viko upande wa kulia wa kibodi, na mkono mmoja unatosha. Ule wa kushoto hushikilia karatasi ya mteja, maana duka langu linatazamana na barabara, na kila lori la mchanga likipita karatasi huruka. Hiyo Ctrl na C mnayoisifu ni kazi ya mkono wa kushoto. Sasa karatasi itashikwa na nani? Kama mna jibu, niandikieni.

2. Mmenifanya mwongo. Mwaka wa 1998 chuo chetu cha ufundi kilipata msaada wa kompyuta mbili, zikaja bila kipanya hata kimoja. Nikafundisha kwa vitufe tu. Wanafunzi mia tatu na kumi na wawili wamepita mikononi mwangu, na kila mmoja nilimwahidi kwamba Shift na Insert haitamtupa maisha yake yote. Ni kweli wamesahau. Juzi nilimkuta mmoja, sasa ni karani kule Kyuso, akiitafuta Insert kama mtu aliyepoteza mbuzi. Lakini ahadi ni ahadi, nanyi mmeivunja yangu bila kuniuliza.

3. Mmemfuta mke wa mtu. Hapa naomba mketi chini.

Marehemu Mulei aliacha nyumba mbili. Mke wa kwanza ni Wayua, ambaye alikuwa katika darasa lile la 1998 na ambaye bila shaka amesahau kama wenzake. Wa pili ni Muthoki, mwenye watoto watatu. Nililetewa wasifu wa marehemu ulioandikwa kwa mkono ili nichape kijitabu cha mazishi, na aliyeuandika alikuwa amemtanguliza Muthoki. Hilo haliwezekani, nyumba ya kwanza ni ya kwanza. Nikaikata aya ya Muthoki kwa Shift na Delete, nikashuka chini ya aya ya Wayua, nikaibandika kwa Shift na Insert. Sikutazama ilipoangukia. Mtu hakagui mlango wa nyumba yake kila anapoingia.

Ijumaa Wayua mwenyewe alikuja kukagua. Kwa heshima ya mfiwa nilimpa kiti changu mbele ya kompyuta, nikatoka kumtafutia chai, na niliporudi aliniambia mambo yako sawasawa, nichape. Nikachapa nakala mia mbili na hamsini bila kusoma tena, kwa sababu nani atajifanya anaijua familia kuliko mjane?

Jumamosi, kaburini, Muthoki alifungua kijitabu na kukuta hajawahi kuolewa. Watoto wake nao walikuwa bado hawajazaliwa. Hakupiga kelele. Aliketi juu ya udongo uliochimbwa akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba Mulei hatashuka mpaka yeye aandikwe. Mchungaji akafunga Biblia. Nikapewa kalamu, nikachuchumaa juani, nikaandika jina la Muthoki na watoto wake watatu mara mia mbili na hamsini, waombolezaji wakiwa wamepanga foleni na vijitabu vyao. Niliona haya ambayo sijaona tangu nizaliwe. Yule mama alikuwa amefiwa, na mimi nikamwongezea. Tangu siku hiyo sijathubutu kuvigusa vitufe hivyo.

4. Mmeniharibia jina kanisani. Anayenisema zaidi ni Wayua. Amewaambia akina mama wote kwamba karani asiyeweza kuhesabu wake wawili hawezi kuhesabu waumini. Kamati inakaa Jumapili kuamua kama nivuliwe ukarani nilioshika miaka ishirini na mmoja, na ukarani huo, Bwana ama Bibi, ndio unaonifanya niamke nikanyoe ndevu. Nimewaeleza kwamba kosa ni la vitufe. Wanataka ushahidi.

5. Mmeonyesha mfano mbaya. Kitufe kimetumika miaka thelathini bila kuugua hata siku moja, kisha kinatimuliwa kwa kijisanduku! Kweli asante ya punda ni mateke. Kesho mtu atauliza wazee wa kanisa wana kazi gani, maana nao hubonyezwa mara chache. Kesho kutwa mume atamtazama mke wake wa zamani na kusema siku hizi kuna njia mpya. Marehemu Mulei, Mungu amrehemu, alikuwa ameshafanya hivyo, na mmeona tulikofika.

Kwa hivyo naomba mambo matatu. Kwanza, vitufe virudishwe kazini. Pili, niletewe barua yenye muhuri, ikiieleza kamati kwamba aliyemfuta Muthoki ni ninyi, wala si Kimeu. Tatu, mwakilishi wenu afike Matinyani Jumapili kabla ya ibada ya pili, amevaa koti, akiwa na mbuzi wa kumwomba Muthoki msamaha. Mkono mtupu haulambwi. Mbuzi asiwe na kilema.

Nisalimieni wafanyakazi wote, na hasa yule aliyeandika kijisanduku, mwambieni simchukii. Mke wangu Ndinda anawasalimu, na anasema mwakilishi atapikiwa chapati kwa ndengu.

Wenu kwa mkono mmoja uliobaki,

Jonah Kimeu

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Leo mchana Wayua alikuja dukani kuchapa malalamiko yake kwa kamati. Alitaka kuchapa mwenyewe, kwa kuwa mimi haniamini. Nilisimama nyuma yake. Mkono wake wa kushoto ulishika karatasi. Alipofika mwisho aliona aya ya tatu inafaa kutangulia, na bila kutazama kibodi mkono wa kulia ukaenda Shift na Delete, aya ikatoka. Shift na Insert, ikatua mahali pake. Katika programu yenu hii hii. Nimekisoma upya kile kijisanduku, kumbe mlisema vitaondolewa katika toleo lijalo.

Kwanza nilifurahi, nisiwadanganye. Kati ya mia tatu na kumi na wawili, mmoja alikuwa amekumbuka! Kisha nikakumbuka kiti changu, na ile chai ya Ijumaa. Naye akageuka, akaona nimekumbuka. Aliyachagua malalamiko yake yote, tangu mwanzo hadi mwisho, akayakata kwa Shift na Delete, na hakuyabandika popote.

Basi ombi la kwanza na la pili yafuteni. Ila siku mtakayoanza kuondoa vitufe, anzeni na kile cha kukata, maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kuhusu mbuzi msisumbuke. Nimemwona jioni hii akipita mbele ya duka kuelekea kwa Muthoki, na aliyeshika kamba, kwa mkono wa kulia, ni Wayua.