Karibuni Pipi, Wageni Wetu

Mwenzenu leo nimeadhirika, Igamba nzima inashuhudia. Na kabla hamjaanza kuniandikia "pole dada" huku mnacheka pembeni, mjue nina hasira. Nina hasira na Wajerumani, nina hasira na Ezekia, nina hasira na dubu. (Dubu nitamfikia.)

Kwa msionijua vizuri: mimi ni Sekela, nauza vitenge Tunduma, ila nyumbani ni Igamba, kwa baba, kwenye kahawa. Kikundi cha wakulima cha baba kimepata mnunuzi kutoka Ujerumani, anaitwa Mama Ulrike. Akatuma ujumbe kwamba akija atachagua kijana mmoja awe mtu wao wa huku: apokee wageni, awasiliane nao kuhusu kahawa, alipwe mshahara kila mwezi. Mshahara, jamani! Niachane na kupigwa jua mpakani, kutwa nzima nawasalimia Wazambia kwa Kibemba, "mulishani, mulishani," na wananipita!

Tukajitokeza wawili. Mimi na Ezekia, mtoto wa mwenyekiti wa kikundi. (Mtoto wa mwenyekiti. Sisemi kitu.)

Ezekia akanunua kitabu cha sarufi ya Kijerumani, kinene, hakina hata picha moja. Kila ukimkuta anakariri majedwali, uso umemkunjamana kama kanywa mwarobaini. Mimi nikasema hapana, lugha haiingii kwa mateso. Kibemba nimekiokota sokoni nikiuza vitenge, nani alinipa jedwali? Nikaingia mtandaoni nikatafuta vitu vya raha: nyimbo za watoto, michezo ya kukisia maneno, mwisho nikaangukia katuni ya familia ya dubu. Tamu hiyo! Wanaongea taratibu, wanarudiarudia, na mtoto wa dubu ana vituko mpaka mbavu zinauma.

Halafu Kijerumani chenyewe kumbe ni Kiswahili kilichovaa koti. Shule kwao ni shule, wanaiandika tu kwa herufi nyingi za bure. Mama ni mama. Nikajiona nimeshafika.

Siku moja Ezekia akaniambia, "Dada Sekela, katuni haitakufundisha kila kitu."

Nikamjibu, "Na kitabu chako hakitakufundisha kucheka." (Lilikuwa jibu zuri. Leo limenirudia usoni.)

Sasa sikilizeni, mnihukumu kwa haki. Kwenye ile katuni, mtoto wa dubu kila mara anamwambia mama yake: "Mama, ich muss Pipi!" "Ich" ni mimi. "Muss" ni lazima. Na pipi ni pipi! Mtoto anadai pipi, kama mtoto yeyote. Mama yake anamshika mkono, wanatoka mbio, wanaingia mlango fulani, unafungwa. Yanasikika maji. (Nikasema, oneni wenzetu, wananawa mikono kabla ya kula pipi. Ustaarabu!) Mtoto anatoka anacheka, roho kwatu. Ninyi mngeelewa nini hapo? Niambieni! Nimekosea wapi?

Basi leo asubuhi nimetoka Tunduma na mfuko wa pipi za maziwa, zile nzuri za kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Nilipofika nyumbani nikazimwaga kwenye bakuli kubwa la udongo, nikalifunika kwa kitambaa cha mama cha kufuma. Kwetu mgeni haachwi mdomo mkavu. Baba alikuwa kavaa koti lake la harusi, lile la mwaka mzima kukaa sandukuni. Akanivuta pembeni.

"Sekela, mwanangu. Nimeshawaambia watu wote unakijua. Usiniangushe."

"Baba, tulia. Leo utatembea kifua mbele."

Mchana gari likaingia uani limejaa vumbi. Akashuka Mama Ulrike, mama mtu mzima, mrefu, na kijana wake wa kazi anaitwa Lukas, mpole, hasemi na mtu. Hawajakaa vizuri, kwaya ya kina mama ikaanza. Ubeti juu ya ubeti. Ikafuata sala. Ikafuata risala ya mwenyekiti, ambaye mkimpa karatasi hamtamnyang'anya. Mama Ulrike ametulia kwenye kiti, kabana magoti, anatabasamu kwa shida, mguu unamtikisika. (Nikasema, huyu kwaya imemkolea.)

Ezekia akaitwa kwanza. Akasimama wima, akataja jina lake, anapoishi, anacholima, yote kwa Kijerumani cha kitabuni, jasho linamchuruzika. Mama Ulrike akaitikia kwa kichwa tu, macho yako kwingine. Nikajua huyu kaisha. Kazi ni yangu!

Zamu yangu. Nikabeba bakuli kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo kama mtoto aliyelelewa. Nikamsalimia na kumuuliza kama anahitaji pipi, kwa sauti, wote wasikie:

"Guten Tag, Mama Ulrike! Müssen Sie Pipi?"

Mama Ulrike akaruka kutoka kwenye kiti. Uso ukang'aa! "Ja! Ja, bitte! Danke!" Ndiyo, tafadhali, asante!

Wazee wakapiga makofi. Baba akamgeukia mwenyekiti, akamtazama kwa jicho la "umemwona wangu?"

Mama Ulrike akawa anaangaza huku na huku, kama mtu anayetafuta njia. Nikaliweka bakuli kwenye stuli mbele yake, na kitambaa chake juu. Akalitazama. Akanitazama mimi.

"Hier?"

Hier ni hapa, hilo nalijua hata usingizini. "Ja, ja! Hier!"

Tabasamu likaanza kumpungua. Akatazama kwaya. Akatazama wazee. Nikafikiri, masikini, anaona haya kula peke yake. Nikakumbuka wimbo mmoja wa watoto, mahali wanapoitana wote kwa pamoja. "Alle zusammen!" nikasema, huku nawaonyesha wazee kwa mkono. Wazee kwa adabu zao wakatikisa vichwa kukubali. Nikaona nimchangamshe zaidi, nikamwonyesha baba. "Papa muss immer Pipi!" Baba kila wakati lazima pipi. Maana kweli, baba anapenda pipi, hakosi mbili tatu mfukoni. Baba kusikia "papa," akasimama, akavua kofia, akainama. (Baba yangu mzazi. Na koti la harusi.)

Pembeni Lukas kajiziba mdomo, mabega yanamchezacheza. Nikadhani kanuna kwa kuwa hakukaribishwa. Na mimi sibagui mgeni. Nikamgeukia kwa heshima zote:

"Kaka! Kaka auch hier, bitte!" Kaka na wewe hapa, tafadhali.

Lukas akaanguka. Simaanishi alicheka sana. Namaanisha kiti kilienda kule na yeye huku. Ezekia akafunika uso kwa kile kitabu chake. Mama Ulrike akasema maneno mengi ya haraka, nikadaka moja tu, "Toilette," ambalo hata bila katuni linaeleweka. Mama yangu, ambaye hajui Kijerumani hata cha dawa, akamshika mkono wakatoka mbio kuelekea nyuma ya nyumba.

Zile mbio nilizijua. Nikasimama pale nalitazama bakuli langu, akili inakuja polepole. Mkono. Mbio. Mlango. Maji.

Maji!

"Kuna nini?" mwenyekiti akauliza. "Mgeni kakasirika?"

Lukas akainuka, akajifuta vumbi, na kumbe anajua Kiswahili! Safi kabisa! Muda wote yupo kimya! "Samahani, wazee wangu. Kwa Kijerumani cha watoto, pipi ni haja ndogo."

Hapo ndipo pa kuishia, si ndiyo? Lakini mwenyekiti hajawahi kuacha jambo lilale. "Na kaka?"

"Kaka ni haja kubwa."

Weee! Kwaya ililipuka kuliko ilivyoimba. Kina mama wameangukiana, mzee mmoja kapaliwa mpaka anapigwa mgongoni. Baba peke yake hakucheka. "Sekela," akasema taratibu, "kwa hiyo mimi umenisema nini?"

Nikainamia bakuli langu. Lukas akamjibu. (Nani alikutuma, Lukas? Nani?)

Nauliza, na nataka jibu: Wajerumani walikosa neno jingine? Pipi! Kitu kitamu, cha sikukuu, cha kumbembelezea mtoto! Na kaka! Jina la heshima! Wana mashine za kila aina, neno la chooni limewashinda kutunga?

Mama Ulrike akarudi mtu mwingine kabisa, mwepesi, mikono mibichi. Akasema, Lukas akawa anatafsiri. Kumbe amejibana tangu Mbeya. Kila wanapofika anapokelewa kwa nyimbo, sala na risala, naye anaona haya kukatiza, na kumwambia kijana wake wa kazi anaona haya zaidi. "Anasema safari nzima," Lukas akatafsiri, "wewe ndiye mwenyeji wa kwanza kumuuliza anahitaji nini. Anasema mtu wa kupokea wageni ndiye huyu. Kazi ni yako. Ezekia atakufundisha sarufi."

Nimepata kazi, ndiyo. Lakini hongera zenu shikeni kwanza.

Ezekia ndiye mwalimu wangu kuanzia kesho, kwa kile kitabu kisicho na picha, na ameshasema tutaanza na msamiati wa chooni. Watoto wa jirani wananiita Dada Haja, na mama zao hawawakemei. Baba hajanisemesha mpaka sasa, kwa sababu wakati wa kuaga Mama Ulrike alimshika mkono, akamtazama kwa huruma, akamwambia umri unakuja na mambo yake ila dawa zipo. Lukas akatafsiri neno kwa neno, mbele ya mwenyekiti, badala ya kumweleza mama wa watu ukweli!

Na bakuli langu liko hapa mezani, limejaa vilevile. Hakuna aliyethubutu kugusa hata pipi moja. Anayetaka aje achukue, ila asicheke, na aombe kwa Kiswahili.