Mashtaka Dhidi ya Mbeleko Isiyouma

Pongwe, Tanga

Kwako Shangazi Mize, Raskazone,

Shikamoo. Baada ya heshima zote anazostahili dada wa baba, nakuletea mashtaka dhidi ya mbeleko uliyotuchagulia mimi na mke wangu Tuhfa.

Sikatai kwamba ulichagua kwa makini. Dukani ulikipapasa kitambaa, ukavuta mikanda, ukatia mfuko wa mchele ndani ukazunguka nao, hadi mwenye duka akaomba radhi kwa kosa asilolijua. "Mapaja yapanuke kama ya chura, magoti yapande, shingo isining'inie," ulimwambia. Yote yametimia. Ndiyo shida yenyewe.

1. Mbeleko haiumi. Kwa kanga ya zamani bega lilinikata upesi, nami nikimrudisha mtoto kitandani kwa mama yake bila lawama. Sasa mgongo umetulia. Mwanamume asiyeumwa popote atatoa udhuru gani nyumbani?

2. Mwanangu Suhaila amesadiki kwamba mimi ni kitanda. Akilazwa kwenye kitanda halisi hulia kama aliyedhulumiwa mirathi. Nikimfunga mgongoni hunyamaza, akanimiminia udenda shingoni. Naziba pancha za baiskeli kwa kunong'ona, na wateja nao hunong'ona. Kibanda changu kimekuwa kama pana msiba.

3. Jirani yetu Haroub aliniuliza barazani, mbele ya watu, nimejifungua lini. Nilistahimili. Kesho yake akaja na mjukuu wake kwapani, akaniomba kwa upole nimfundishe kufunga. Sasa wazee hawazungumzi mpira wala siasa, ni nyonga za watoto tu. Nchi hii ataiongoza nani?

4. Tuhfa, aliyekatazwa na daktari kubeba tangu apasuliwe wakati wa kujifungua, sasa analala mchana. Juzi aliamka akaniambia, "Bakar, leo mshono sikuusikia." Kisha akacheka. Tangu atoke hospitali sikuwa nimemsikia akicheka. Siku ile nilikuwa nimejiandaa kulalamika, nikakosa pa kuanzia. Na hilo nalo naliweka kwenye hesabu ya mbeleko.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu uirudishe dukani, utuchagulie iliyo nyembamba, yenye mkanda wa kukata kwapa na kitambaa cha kuwasha, ili haki za akina baba zipate kurejea.

Nisalimie mzee Yakoub, wajukuu, na majirani wote, wanaonifahamu na wasionifahamu.

Ni mimi mtoto wako, mwenye mabega mazima,
Bakar Uweso

Tanbihi: Kabla sijaifunga barua, Tuhfa amerudi kutoka kwa daktari na ruhusa ya kubeba. Amemfunga Suhaila mgongoni, wakaenda Tongoni kwa mama yake. Nimefika kibandani nikasahau hata nilikuja kufanya nini. Usirudishe kitu, Shangazi. Tafuta nyingine kama ile ile, iwe ya kwangu.