Mtindi Ndani ya Mashine ya Mvuke

Jumatatu, 4 Machi
Tumbo limenguruma mbele ya matroni. Akadhani ni toroli. Nikamwacha adhani hivyo.

Ijumaa wakaguzi wanakuja hospitalini. Atakayewatembeza vizuri zaidi kwenye chumba chetu cha kuua vijidudu kwenye vifaa vya upasuaji ndiye atakayekuwa mkuu wa chumba. Tuko wawili: mimi na Bi Glavu, ambaye glavu hazivui hata akinywa chai. Cheo hicho nakitaka mno.

Mtaalamu wa lishe kasema utumbo wangu umepungukiwa bakteria wazuri. Ninywe mtindi wenye bakteria hai, kikombe kwa siku, kisha niwalishe vitunguu na shayiri, kidogo kidogo. Bakteria wazuri! Nimewaua miaka kumi na moja. Sijaonyeshwa mzuri hata mmoja.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata njia! Mtindi nimeutia kwenye mashine yetu ya mvuke, ile ya kuulia vijidudu, robo saa. Umetoka maji juu, mabonge chini. Nimekunywa. Usalama kwanza. Mke wangu anasema nimeichinja dawa. Anapenda kutia chumvi.

Alhamisi, 7 Machi
Tumbo liko palepale. Kumbe Bi Glavu naye alikuwa na tumbo kama langu. Anakunywa mtindi vilevile ulivyo, mwezi wa tatu sasa, na ametulia tuli. Wivu umenishika, sikatai. Nimeamua kufidia: vitunguu saba, sufuria ya maharage, bakuli tatu za shayiri. Mke akanikumbusha ile kidogo kidogo. Nikamwambia sina miezi mitatu, nina kesho.

Ijumaa, 8 Machi
Zamu yangu ya kuwatembeza: wakaguzi watano, mlango umefungwa. Dakika ya nne ikaja sauti. Kisha harufu. Mkaguzi mkuu akauliza kama mashine inavuja. Nikasema ndiyo, mpira wa mlango umekwisha. Akauliza tangu lini. Nikasema siku nyingi. Akauliza kwa nini sikuripoti.

Mashine ikafungwa. Fundi akaja: nzima kabisa. Bi Glavu ndiye mkuu wa chumba. Imeniuma. Nimelia chooni, nilikokuwa hata hivyo.

Jumamosi, 9 Machi
Bosi mpya amenipitia nyumbani. Hakunicheka. Kaniletea vidonge vyake vya bakteria hai. Akasema haraka haraka haina baraka: kimoja kila asubuhi, na chondechonde kaka, nisivichemshe. Nimemwahidi. Mtu mwema yule, nimeguswa.

Ahadi ni deni. Sikuvichemsha. Nimeviloweka kwenye spiriti.