Mvua ya Zumbe Issa

"Inatangazwa kwa wakazi wote wa Kwebuga, kuanzia bondeni hadi penye mawingu, kwamba mvua yote inyeshayo ndani ya mipaka ya Zumbe Issa ni mali ya Zumbe Issa. Kila nyumba itaishukuru kwa siku mbili za jembe kila wiki katika migomba yake."

Tangazo hilo karani Nikodemo alilipiga taipu mwenyewe, nakala nne. Uhuru ulikuwa umetimiza mwezi huko Dar es Salaam, lakini barabara ya kupanda Kwebuga ina kona nyingi. Nikodemo hakuona tatizo. Mazumbe, machifu wa milimani, tangu zamani walijulikana kwa mvua. Huyu aliiwekea utaratibu tu. Jua likizidi, kosa la wananchi. Ikinyesha, hisani ya Zumbe. Mtu wa Soni aliyeuliza mbona hata kwao, nje ya mipaka, inanyesha, alijibiwa kwa barua rasmi: wameazimwa.

Aprili ikanyesha siku tisa mfululizo. Shamba la mama Yudith, mjane wa mteremkoni, likang'oka na maharage yake yote, likashuka mtoni. Siku ya baraza akaja na jembe begani.

"Shikamoo, Zumbe."

"Marahaba."

"Nimekuja kuchukua shamba."

"Shamba gani?"

"Lolote. Langu limebebwa na mvua yako. Nina watoto wanne, hawali matope."

Nikodemo akafungua kitabu cha kumbukumbu. Kiutaratibu dai lilikuwa safi: ng'ombe akila mahindi ya jirani, anayeulizwa ni mwenye ng'ombe. Nyuma ya mama Yudith walishajipanga wengine saba ambao mashamba yao nayo yalihama.

Zumbe akajifuta jasho. "Mama Yudith," akasema kwa upole, "ile si mvua yangu. Ile ni mvua ya Mungu."



"Na ile ya mwezi uliopita, iliyootesha?" akauliza Paskali seremala.

"Nayo ya Mungu. Zote za Mungu, jamani!"

"Loo! Sasa zile siku mbili tulikuwa tunamlimia nani?"

Hakuna aliyepiga kelele. Walibeba majembe, wakaenda kwenye ile migomba waliyoipalilia wenyewe, wakaanza kuigawana kwa kupima hatua. Mama Yudith alichagua kwanza, pale patambarare.

"Mapinduzi!" Zumbe akamgeukia karani. "Andika wilayani, nataka askari. Eleza sababu zake kinagaubaga. Wachochezi! Ushirikina! Pombe!"

Nikodemo akapiga taipu mstari mmoja, akamkabidhi karatasi kwa mikono miwili:

"Sababu ya mapinduzi: saa nne na nusu asubuhi, Zumbe alisema kweli."

"Futa hilo!"

"Haiwezekani, Zumbe. Limeshasikiwa na umma." Akaifunika mashine, akavaa koti. "Naomba ruhusa mapema leo. Mke wangu Klara ananishikia nafasi kwenye foleni."

Zumbe akamfuata hadi mlangoni. Akaitazama migomba, akautazama umati.

"Nikodemo... na mimi je?"

"Jipange, Zumbe. Wa mwisho ni Paskali."