Dirisha Langu Halina Fremu

Jumatatu, 9 Juni

Siku ya ushindi, karibu. Nimeweka programu yangu kwenye kompyuta ya mapokezi, katika kliniki ya meno ya shemeji, dada mkubwa wa mke wangu. Inapanga foleni: jina la mgonjwa, saa yake, jino lake. Vitufe vichache. Dirisha lake kwenye skrini halina fremu. Nimeing'oa yote, ule mstari wa juu wenye jina, ile alama ya kufungia, kingo, kila kitu. Fremu ni uoga. Watu wamekubali kufanya kazi ndani ya visanduku vya kijivu na hakuna anayeuliza nani aliwafungia humo. Mimi nimeuliza.

Shemeji alitazama, akasema ni safi. Akasema pia kwamba ataamua Ijumaa. Ikimfaa, mkataba wa mwaka mzima. Isipomfaa, najua kinachonisubiri: duka la magodoro la mdogo wangu. Anatafuta mtu wa kulala pale mbele, nyuma ya kioo, wapita njia waone raha. Mke wangu anasema nina sifa zote.

Sijafika hata mlangoni, Mama Mapokezi kaniita nirudi. Ni mwanamke wa makamo, ana miwani ya kamba, na kliniki ile ni yake kwa kila kitu isipokuwa kung'oa meno. Malalamiko: dirisha la programu limekaa katikati ya skrini na halisogei. Nyuma yake kuna picha ya harusi ya binti yake, na limemfunika binti uso mzima. Nimemweleza kwamba dirisha lisilo na fremu halina pa kushikwa, ndiyo falsafa yake. Akanijibu kuwa hata mlango usio na kitasa una falsafa, ila mwenye nyumba hulala nje.

Jibu la kijinga. Nimelifikiria njia nzima.

Jumanne, 10 Juni

Nimerudi kuichunguza picha yenyewe. Harusi ya mwezi uliopita. Bi harusi katikati. Kulia bwana harusi, anang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Kushoto, ukingoni kabisa, bega moja na mkono wa gauni.

Nikauliza bega la nani. La kwake, mama mtu. Mkwe, huyo bwana harusi, ndiye aliyemwelekeza mpiga picha: mama asogee kidogo, tena kidogo, ili maharusi wakae vizuri. Mama akasogea. Picha ikatoka, mama akawa bega. Aliyasema hayo huku akipanga kadi za wagonjwa, kwa sauti tulivu sana.

Nikamwambia, unaona sasa? Hiyo ndiyo kazi ya fremu, kukata watu. Nilitarajia anipe mkono. Hakunipa.

Hata hivyo mimi si mtu wa visasi. Nitamruhusu alisogeze. Dirisha litashikwa popote penye mwili wake, bila fremu, bila kitasa. Kazi ya hatua tatu. Kipanya kikibonyezwa, dirisha likumbuke kiko wapi. Kikisogea, nalo lisogee kiasi hicho hicho. Kikiachiwa, litulie. Mke wangu, akipiga pasi, alisema kwao dirisha lisilo na fremu huitwa tundu. Nimemsamehe. Ana pasi mkononi.

Jumatano, 11 Juni

Nilisahau hatua ya tatu.

Dirisha lilishikwa, likasogea, likakataa kuachia. Kila kipanya kilikokwenda nalo liko, kama kifaranga na mamaye. Mama Mapokezi alipotaka kubofya kitufe cha kumwita mgonjwa, kitufe kikakimbia pamoja na dirisha. Akikaribia, kinasogea. Akienda kasi, nacho kasi. Wagonjwa wamekaa wameshika mashavu. Mzee mmoja jino lilichoka kuuma, likaacha lenyewe, akaaga akaenda zake.

Nilipofika nikiwa natweta, Mama Mapokezi alinikaribisha hivi: "Fundi wa madirisha, hili lako ni mkwe kabisa. Ukilishika mkono mara moja, halitoki tena kwako."

Chumba kizima kikacheka, hata wasioweza kufungua midomo. Na mimi si fundi wa madirisha.

Nimerekebisha pale pale, nimesimama. Sasa linaachia. Kosa jipya, dogo: kwa kuwa linashikika popote, linashikika hata kwenye vitufe. Mkono ukitikisika kidogo tu, badala ya kumwita mgonjwa unaburuta foleni nzima hadi kwenye kona. Shemeji alichungulia, glavu mkononi, akauliza kama Ijumaa iko pale pale. Nikasema iko.

Mdogo wangu ametuma ujumbe. Anauliza navaa fulana saizi gani. Sijajibu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimevumbua kitu. Naandika taratibu ili historia isome vizuri.

Mkanda! Ukanda mwembamba juu ya dirisha. Hapo, na hapo tu, ndipo pa kushika. Vitufe vimebaki huru. Kisha nikaona mkanda mtupu unasikitisha, nikaandika juu yake jina la programu. Kulia kukabaki nafasi, nikaweka alama ndogo ya kufungia. Na ili dirisha lisichanganyike na magauni ya harusi, nimelizungushia mstari.

Mke wangu alikuja nyuma yangu, akatazama kwa muda, akanipongeza kwa fremu nzuri.

Si fremu. Fremu hupewa na wengine. Hii nimejipa mwenyewe.

Kliniki, mambo mazuri. Mama Mapokezi alishika mkanda kwa kipanya, akaliburuta dirisha polepole, likamwachia binti, likaenda kulia, likatua juu ya kichwa cha bwana harusi. Hakuridhika. Akalipandisha kidogo, masikio yakapotea. Akalishusha kidogo, ndevu nazo. Alipomaliza bwana harusi alikuwa suti tu. Akaegemea kiti, akatazama kama mtu aliyepanga maua.

Nikamshauri alipeleke kushoto, kwenye lile bega, ambako hakuna kitu cha maana. Akanitazama juu ya miwani. Akasema hapo lilipo ndipo. Bila shaka ni kwa sababu anatumia mkono wa kulia. Akauliza kama kesho litafunguka hapo hapo. Nimelifanya likumbuke mahali pake. Akaniita mwanangu, akaniagizia chai.

Hivyo ndivyo hoja hushinda.

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi niliamka na aibu. Maneno ya mke wangu yalikuwa yamenikwama kama mwiba wa samaki. Nikafuta mstari wa kuzunguka. Nikafuta jina na ile alama. Mkanda wenyewe nikaupunguza ukawa uzi, nikaupaka rangi ile ile ya dirisha. Ajuaye ataupata.

Shemeji alikuja mapokezi na kalamu ya kutia sahihi. Wakati huo huo akaingia mgonjwa wa kwanza, na nani? Mkwe mwenyewe, shavu limevimba kama mpira, hana miadi, anategemea undugu. Mama Mapokezi akamwandika wa kwanza kwenye foleni, adabu ni adabu. Kijana mstaarabu. Alizunguka meza kumwamkia mama mkwe, akaiona picha yake ya harusi, akauliza kwa uchungu wa jino na wa roho: mbona yeye hayumo?

Mama Mapokezi akamjibu kwamba yumo, baba, ila yuko nyuma ya kazi. Programu ndivyo inavyofunguka. Wanaotengeneza ndio wanaojua.

Shemeji akanigeukia. Akasema si nilimwambia linasogea? Basi nilisogeze, tumwone bwana harusi.

Mama Mapokezi alinikazia macho. Alikuwa akinitia moyo, nadhani. Nikashika kipanya, nikatafuta uzi. Nikakosa. Nikatafuta juu zaidi, nikabofya picha. Chini zaidi, hola. Jasho. Niliona magodoro. Nikabonyeza kwa nguvu, na sauti ya programu ikatangaza ukumbi mzima: mgonjwa wa kwanza aingie. Nilikuwa nimebonyeza kitufe.

Mgonjwa wa kwanza akaingia, kichwa kikigeuka kuiangalia suti yake. Shemeji, ambaye hamwachi mgonjwa kitini, akamfuata.

Nikajua basi. Dirisha limegoma mbele ya mwenye kliniki. Nikaanza kumwandikia mdogo wangu saizi ya fulana.

Shemeji aliporudi, Mama Mapokezi alimpokea kabla yangu. Alisema ametumia programu nyingi, zote kiguu na njia, hazitulii. Hii ukiiweka mahali inakaa mahali, hata aliyeitengeneza haisogezi. Ikiondolewa, yeye naye aondolewe.

Shemeji alitia sahihi hapo hapo. Wiki nzima nimehangaika lisogee, nimepewa mkataba kwa sababu halikusogea. Hilo ni jambo dogo. La msingi ni kwamba fremu imeshindwa.

Jumamosi, 14 Juni

Mapumziko ya shujaa. Mdogo wangu kaleta fulana hata hivyo. Imeandikwa USINGIZI NI HAKI mgongoni. Naivaa ninapoandika.

Mkataba una sharti moja, na Mama Mapokezi ndiye aliyelidai: nisiguse kitu. Kugusa ni neno pana.

Nimekuwa nikimfikiria mama huyu. Kanitetea kama mwanawe. Na mimi nimemlipa nini? Nimemfunikia mkwe wake, tena kijana mstaarabu vile, aliyeondoka na shavu lake bila hata kujiona. Inaniuma. Fremu niliing'oa, lakini nikaacha ukuta.

Jibu nimelipata leo nikioga. Dirisha la kioo! Vitufe vibaki, maandishi yabaki, mwili wote upitishe macho. Halitahitaji kusogezwa tena milele. Kazi ya mchana mmoja. Mke wangu kaniuliza kama nimemwambia mwenyewe kwanza. Zawadi haitangazwi.

Jumatatu nitawahi kufika kabla yake. Atafungua kompyuta, na pale pale penye kitufe cha kumwita mgonjwa, mkwe wake atakuwa anamtabasamia, meno yote nje, siku nzima.

Natamani kuuona uso wake.