Meneja Ndani ya Pamba

Jumatatu, 9 Juni

Mama mkwe anakuja kesho kutoka Kalemela! Kapiga simu, kauliza kama yule paka wetu, Meneja, bado yupo. Masele akajibu yupo. Mume wangu hajui kudanganya hata kidogo! Mama akasema paka ni mali ya wachawi, akimkuta anamtia kirobani, mpaka mtoni.

Na Kabula wangu je? Tangu nimwachishe ziwa hasinzii bila kushika sikio la Meneja. Analisugua, Meneja anakoroma, mtoto huyo kalala. Mto gani wa dukani unakoroma?

Sina wasiwasi. Shule niliishia la saba, akili haikuishia hapo. Chumba cha pili kimejaa pamba hadi dirishani, hakuna anayeingia mpaka siku ya kuuza. Meneja atakaa humo. Masele simwambii. Atasema ukweli.

Jumanne, 10 Juni

Mayu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma, kafika na ndoo ya dagaa. Nikapiga goti, nikamwamkia mwadila mayu, kwa heshima zote. Kabla hajaitikia, pamba ikalia nyau! Dagaa wamemponza. Akauliza ni nini hicho. Panya, nikasema. Akauliza panya wa Bariadi wanalia nyau? Nikamwambia mayu, hapa siku hizi ni mkoa, hata panya wamebadilika. Akaguna.

Nimeshinda! Kabula nikampitisha chumba cha pamba kimyakimya, akapata sikio lake.

Alhamisi, 12 Juni

Jamani! Narudi kisimani, chumba kitupu. Masele kajaza pamba magunia, kapakia mkokoteni, kaenda kuuza. Na Meneja hayupo! Kabula analia, sikio, sikio. Mayu akadhani mtoto anaumwa sikio, akaanza kupasha mafuta. Hapo nikashindwa. Nikapiga goti, nikasema yote.

Nilingoja matusi. Mayu akamtazama mjukuu, akambeba mgongoni, akakaza khanga. Tukakimbia.

Kwenye kituo cha kununulia pamba karani anagombana na mzani, mshale hautulii. Mayu akakata kamba ya gunia mwenyewe. Akatoka Meneja, mweupe mwili mzima, anapiga chafya! Watu wakatawanyika wakiita mzimu. Yeye akarukia kifuani kwa mayu. Mayu akaganda. Halafu akamfuta pamba puani, akasema mchawi gani huyu, moyo unamdunda kama kifaranga.

Karani katurudishia gunia tukachambue manyoya. Kazi ndogo tu!

Jumamosi, 14 Juni

Mayu hapakati mjukuu tena, anampakata Meneja. Anasema maumivu ya magoti yamepoa. Anasema tangu afiwe na baba mkwe, hakuna aliyekoroma karibu naye. Nikamwonea huruma, nikampikia vizuri.

Jioni akatangaza kesho anaondoka, na Meneja anaondoka naye. Eti Kabula atazoea. Juzi tu alikuwa wa wachawi!

Sigombani na mkwe. Nimeshamficha. Mayu kapekua chumba cha pamba, uvunguni, hadi ndani ya masufuria. Hampati ng'o! Nimemlaza Meneja ndani ya begi lake mayu mwenyewe, chini ya vitenge. Nani anapekua begi lake? Zipu nimeacha wazi kidogo apumue.

Kesho Masele akishampandisha mama yake basi la asubuhi, nitamtoa Meneja taratibu, mtoto apate sikio lake.