Komba Asiye na Kibali

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Rafaeli ana tumbili! Kinyozi mwenzangu, kibanda chake kinatazamana na changu hapa Chumbageni. Wateja wote wamehamia kwake, wananyolewa huku wakicheka. Mimi nafukuza nzi. Hata Asmahani, muuza maandazi, mjane ninayemtaka kwa nia safi kabisa, kampelekea tumbili ndizi. Tumbili! Mimi miaka miwili namsalimu kwa adabu, sijaonjeshwa hata andazi lililoungua.

Jumanne, 5 Agosti
Dawa imepatikana. Mteja wangu (alikuja mmoja) kasema kufuga tumbili bila kibali ni kosa. Nimewaandikia watu wa wanyamapori. Nimejiita Mpenda Haki, mwandiko nimeupinda.

Jumatano, 6 Agosti
Nikawaza: tumbili akichukuliwa, watu watamkosa. Nimekwenda Tongoni kwa Sele, mtega wanyama, nimerudi na komba kwenye tenga. Macho kama vikombe! Sele kaniuliza kama nina kibali. Nikamwambia kibali ni cha tumbili. Huyu ni paka aliyechangamka.

Alhamisi, 7 Agosti
Komba amelala. Kutwa nzima! Kumbe hulala mchana. Mteja kachungulia tenga, kanipa pole ya msiba.

Ijumaa, 8 Agosti
Balaa. Afisa wanyamapori kaja baada ya alasiri. Nikatoka mbio kushuhudia Rafaeli anavyoaibika. Rafaeli katoa kibali, kimewekwa kwenye fremu! Kumbe tumbili huyo alimwokota Muheza akiwa kitoto yatima, akaomba ruhusa, banda likakaguliwa. Afisa kalisifia banda. Asmahani kamsifia Rafaeli. Nikahisi pilipili moyoni.

Wakabaki wakipiga soga mpaka jua likazama. Komba akaamka. Akalia, sauti ya kichanga mtupu. Afisa akauliza mtoto wa nani. Ulimi ukaniponyoka: wangu.

Asmahani akageuka taratibu. “Luqmani! Una mtoto? Na mama yake yuko wapi?”

Nikasema kasafiri. Kwa nini nilisema kasafiri? Hapo komba akachomoka tengani, akaruka kutoka dirishani mwa kibanda changu, akatua kwenye kofia ya afisa, akaikojolea. Nikampa afisa shikamoo. Umri namzidi miaka kumi.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimeandika maelezo kurasa tatu. Nimeonywa vikali, nikirudia nitashitakiwa. Komba atapelekwa kwa wataalamu wiki ijayo. Kwa sasa anatunzwa kwenye banda lililokaguliwa. La nani? La Rafaeli! Foleni imefika barabarani. Asmahani kapeleka ndizi mbili. Nilimweleza kuwa sina mke wala mtoto. Kaniambia hata mtoto nimemkana.

Jumapili, 10 Agosti
Nimetafakari sana. Kosa langu nimeliona: nilichagua mnyama mwenye sauti. Manase wa Nguvumali anaye kobe mkubwa, hana kelele, haruki, mchana yuko macho. Kesho asubuhi namfuata. Kibali? Kobe kaja na nyumba yake mgongoni, watakagua nini?